Uvimbe wa Ubongo: Damu Inafika, Dawa Haifiki



Mwaka jana, siku ya gulio, nilikuwa njia panda ya Soni nikingoja gari la kwenda Bumbuli. Baba mmoja wa makamo akanijia, akaniamkia, "Shikamoo mama," kisha akauliza kama ni mimi yule muuguzi mstaafu. Nilipoitikia, akatoa katika mfuko wa koti chupa ya plastiki yenye maji meusi.

"Mama," akasema, "nina binti wa miaka 9. Akiamka asubuhi kichwa kinamuuma mpaka analia, anatapika, kisha ikifika saa nne anapata nafuu. Ametibiwa malaria mara tatu. Sasa nimeuziwa hii dawa ya kusafisha damu. Aliyeniuzia amenionyesha kwenye simu habari ya kwamba huko Ulaya wamekausha uvimbe wa ubongo wa panya kwa kuuzuilia damu. Anasema dawa yake inafanya kazi ile ile. Chupa moja ni shilingi 40,000. Nimekwisha kununua mbili. Sasa naomba shauri: ninunue ya tatu, au niuze ndama nimpeleke mtoto Tanga?"

Nilimjibu, "Baba, uza ndama. Tena usingoje gulio lijalo."

Leo nataka kuwaeleza ninyi wazazi kwa nini nilijibu hivyo bila kusita. Habari ile ya panya haikuwa uongo. Majaribio hayo yapo, na yana miaka mingi. Lakini aliyemsimulia yule baba aliigeuza habari juu chini. Majaribio ya panya, yakisomwa sawasawa, yanatufundisha kwamba chupa ile haiwezi kumponya mtoto mwenye uvimbe kichwani, na kwamba dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kuwahi.

MFEREJI NA SHAMBA

Sisi watu wa Usambara hatuna haja ya kufundishwa habari za maji. Babu zetu walichimba mifereji kukata miteremko, wakayaongoza maji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Tunajua shamba likikosa zamu mbili mboga zinanyauka. Tunajua pia kwamba mtu mmoja akitoboa mfereji usiku, wa chini hukauka na pale alipotoboa hugeuka tope.

Ubongo ni shamba lisilovumilia kukosa zamu hata moja. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni yote. Kila dakika moyo huupelekea karibu robo tatu ya lita ya damu. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia katika muda wa sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache chembe hai za ubongo huanza kufa.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, ambalo ni mfupa mgumu. Tumbo likiota uvimbe hutanuka. Fuvu la mtu mzima au la mtoto aliyekua halitanuki. Kitu chochote kikiongezeka humo ndani, kiwe nyama, damu au maji, kitaubana ubongo. Usiku mtu akiwa amelala, kubanwa huko huzidi. Ndiyo sababu mtoto yule alikuwa akiumwa alfajiri na kupata nafuu mchana. Malaria haina saa ya namna hiyo.

UKUTA ULIOGUNDULIWA KWA RANGI

Mwaka 1885 daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama wa maabara rangi kwenye damu. Viungo vyao vikabadilika rangi: ini, figo, misuli. Ubongo tu ulibaki mweupe. Baadaye mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume chake. Mwaka 1913 alichapisha matokeo ya kuiweka rangi moja kwa moja katika maji yanayozunguka ubongo. Safari hii ubongo ukashika rangi, na mwili wote ukabaki kama ulivyokuwa. Kumbe kati ya damu na ubongo kuna ukuta. Mwaka 1967 darubini zenye nguvu sana zilionyesha, katika ubongo wa panya, ukuta wenyewe ulipo: kwenye kingo za mishipa midogo ya damu, ambako chembe hai zimeshikana bila kuacha upenyo. Chakula cha ubongo hupita kwa milango maalumu. Sumu nyingi huzuiwa. Dawa nyingi nazo huzuiwa vile vile.

Rangi aliyoitumia Goldmann ilitoka katika jamii ya rangi zilizotafutwa kwa ajili ya kuua vijidudu vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kutokana na kazi hiyo Wajerumani walitengeneza, mwaka 1916, dawa iliyoitwa Bayer 205, ambayo siku hizi huitwa suramini. Daktari Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa ameuchunguza ugonjwa wa malale hapa kwetu enzi za Wajerumani, ndiye aliyeileta Afrika kuijaribu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Dawa hiyo iliokoa wengi, lakini ilikuwa na mpaka wake. Mgonjwa akiwahi, wakati vijidudu vingali katika damu, hupona. Akichelewa mpaka vijidudu vimeingia kwenye ubongo, suramini haivifuati. Inasimama ukutani. Wazee waliowahi kuishi Tabora au Kigoma wanajua jinsi watu walivyopotea kwa malale.

Kwa miaka mingi wagonjwa waliochelewa walitibiwa kwa dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo yenyewe iliwaua baadhi yao. Mwaka 2024 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu ya Afrika Mashariki, hata kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umekwisha kufika ubongoni. Hebu tufikiri: zaidi ya miaka 100 imepita tangu suramini itengenezwe. Kuvuka ukuta ule si kazi ya chupa ya njia panda.

PANYA WALITUFUNDISHA NINI

Sasa tuje kwenye uvimbe. Mwaka 1939 Wamarekani wawili, Seligman na Shear, walionyesha kwamba uvimbe unaweza kuanzishwa ndani ya ubongo wa panya kwa kupandikiza humo kipande cha kemikali inayoleta kansa. Mwaka 1971 daktari mpasuaji Judah Folkman wa Boston alitoa wazo lililobadilisha fikra za wengi. Alisema uvimbe hauwezi kupita ukubwa wa milimita moja au mbili bila kujichimbia mishipa yake mwenyewe ya damu. Ni kama yule mwizi wa maji: kwanza anatoboa mfereji, ndipo anapanua shamba lake.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, kina Ronald Blasberg na Dennis Groothuis, walipima damu hiyo kwa makini sana. Panya mwenye uvimbe alidungwa kemikali yenye mionzi kidogo, ambayo hufuata damu popote iendapo. Baada ya muda usiozidi dakika moja hivi aliuawa, ubongo ukakatwa vipande vyembamba mno, vikalazwa juu ya filamu ya picha. Penye damu nyingi filamu ilikuwa nyeusi, na penye damu chache ilibaki nyeupe. Kwa njia hiyo kila pembe ya uvimbe ilipimwa peke yake.

Majaribio ya namna hiyo yalifundisha mambo makubwa matatu.

Jambo la kwanza, damu ndani ya uvimbe haiendi sawasawa. Sehemu moja inapata nyingi, na ya jirani yake haipati kitu. Mara nyingi katikati ya uvimbe mkubwa pamekauka na kuoza. Mishipa ya uvimbe imepinda, mingine imeziba, mingine inarudisha damu ilikotoka. Kwa hiyo dawa inayosafiri katika damu inafika kwa wingi mahali pamoja, na mahali pengine haifiki kabisa. Hata mionzi hupungukiwa nguvu, kwa sababu chembe za kansa zilizokosa oksijeni huvumilia mionzi kuliko zile zenye oksijeni.

Jambo la pili, mishipa hiyo mipya inavuja. Ukuta tuliousema umebomoka ndani ya uvimbe, na maji ya damu yanatoka na kulowesha ubongo wa jirani. Maji hayo yanabana, na damu ya sehemu nzima zilizo jirani inapungua. Mara nyingi mgonjwa anateswa na maji hayo kama anavyoteswa na uvimbe wenyewe.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi. Pembezoni mwa uvimbe, mahali chembe za kansa zinapojipenyeza katikati ya chembe nzima, ukuta mara nyingi bado umesimama. Pale pale adui anapoendelea kuingia, dawa inazuiwa.

Sasa tumrudie muuzaji wa chupa. Dawa yake inamezwa. Inapita tumboni, inapita kwenye ini, inachanganyika na damu ya mwili mzima. Kinachobaki kinafika ubongoni na kukuta ukuta, na ndani ya uvimbe kinakuta mifereji iliyopinda na kuziba. Isitoshe, damu ya mtoto yule haikuwa chafu. Damu husafishwa na figo na ini usiku na mchana bila malipo, na dawa isiyojulikana kipimo chake inaweza kuviharibu viungo hivyo hivyo.

Mimi sidharau miti shamba. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na miti hiyo ilipandwa kule Amani, Usambara Mashariki, enzi za Wajerumani. Vinkristini, dawa ya kansa kadhaa za watoto, ilitoka katika lile ua la waridi la Madagaska ambalo wengi wetu tunalipanda uani. Lakini dawa hizo zilichujwa, zikapimwa, zikajulikana kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua. Chupa ya njia panda haina hata jina.

PANYA SI MTU

Wapo pia wanaosema, "Kama panya wameponywa, kwa nini watu wasipone?" Swali ni zuri. Baada ya Folkman, watafiti walitafuta dawa za kuzuia mishipa mipya ya uvimbe, na katika panya zilifanya kazi nzuri. Mojawapo, bevasizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa kansa kali ya ubongo iliyorudi baada ya matibabu. Ikajaribiwa basi kwa wagonjwa wapya, katika majaribio mawili makubwa yenye jumla ya watu zaidi ya 1,500. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kwa baadhi yao uvimbe ulichelewa kukua, lakini kwa jumla hawakuishi muda mrefu zaidi kuliko wale ambao hawakuipata.

Kwa nini? Uvimbe wa panya hukua kwa majuma machache, na mara nyingi umepandikizwa ukiwa wa aina moja. Uvimbe wa mtu hukua kwa miezi au miaka, una chembe za namna nyingi, na ukizibiwa mfereji mmoja hutafuta mwingine. Hata dawa ya temozolomidi, ambayo mwaka 2005 ilionyeshwa kuwasaidia wagonjwa wa kansa hiyo kali ikitolewa pamoja na mionzi, iliongeza muda wa kawaida wa kuishi kutoka miezi 12 hivi hadi karibu miezi 15. Ni faida, nasi tunashukuru. Lakini ni miezi, tena baada ya kazi ya miaka mingi ya watu wengi wenye elimu.

Kwa hiyo ukiona katika simu maneno "dawa ya kansa yapatikana", uliza swali moja tu: imepatikana kwa panya, au kwa watu? Kama ni kwa panya, furahi kidogo, kisha endelea na safari ya hospitali.

Wengine huona uchungu juu ya wanyama hao, na si vibaya kuona uchungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2417 na 2418, inafundisha kwamba majaribio ya kitabibu kwa wanyama yanakubalika yakiwa na kiasi na yakisaidia kutibu au kuokoa watu. Inafundisha pia kwamba kuwatesa wanyama bila sababu hakupatani na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Mimi naongeza langu: wanyama wale wakifa ili tujue jambo, nasi tukalijua tusilitumie, basi wamekufa bure.

FAIDA ILIYOKWISHA KUFIKA KWETU

Msomaji anaweza kusema, "Mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Sisi wa Soni yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni picha. Mgonjwa anapopigwa picha ya CT scan ya kichwa, mara nyingi hudungwa dawa ya rangi mshipani. Kwa mtu mzima kichwani, dawa hiyo haivuki ukuta. Penye uvimbe, mishipa inapovuja, dawa inatoka na mahali pale panang'aa katika picha. Ni somo lile lile la Ehrlich na Goldmann, ila sasa linamsaidia mtoto wa mkulima. Zamani safari ya picha hiyo ilikuwa ya Dar es Salaam tu au ng'ambo. Siku hizi mashine hizo zimefungwa katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Upasuaji wa ubongo unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na katika hospitali za kanda kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Taasisi ya Saratani Ocean Road inatoa tiba ya mionzi.

Njia ya pili ni dawa iitwayo deksamethasoni. Mwaka 1961 madaktari wa Marekani walieleza jinsi inavyowapa nafuu wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo. Inapunguza kuvuja kwa mishipa, maji yanapungua, na katika siku moja au mbili maumivu yanashuka. Ni dawa ya bei nafuu, nayo ipo nchini mwetu. Lakini sikilizeni vizuri: haiondoi uvimbe. Inampa daktari muda wa kupanga upasuaji. Kuna watu wanaoinunua dukani bila cheti, wakaona mtoto amechangamka, wakasema amepona. Uvimbe unaendelea kukua kimya. Tena dawa hii ikitumiwa ovyo hupandisha sukari, hudhoofisha kinga ya mwili, na ikiachwa ghafla baada ya muda mrefu inaweza kumwangusha mgonjwa. Itumike kwa amri ya daktari tu.

DALILI ZA KUANGALIA

Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe. Ni uchovu, macho, meno, mafua au homa. Msiogope kila kichwa kikiuma. Lakini mpelekeni mgonjwa hospitali mapema mkiona dalili hizi:

1. Kichwa kinachouma hasa alfajiri au wakati wa kuamka, kinachozidi juma hadi juma, pamoja na kutapika, bila homa.

2. Kifafa au degedege linaloanza kwa mtu ambaye hakuwa nalo, hasa mtu mzima.

3. Mkono au mguu wa upande mmoja kupoteza nguvu polepole.

4. Kuona vitu viwili viwili, macho kuanza makengeza, au kuona kupungua.

5. Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kuanza kuyumba na kuangukaanguka.

6. Kichwa cha mtoto mchanga kukua haraka kupita kiasi.

7. Tabia kubadilika bila sababu: mtoto hodari shuleni anakuwa mzito, anasinzia, anasahau.

Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vijidudu, msikubali kutibiwa malaria mara ya pili na ya tatu kwa kubahatisha. Ulizeni kwa heshima, "Daktari, inaweza kuwa nini kingine?" Swali hilo si ukaidi. Ni haki ya mzazi.

Tena, si kila uvimbe wa kichwani ni kansa. Kifua kikuu kinaweza kufanya uvimbe ndani ya ubongo. Mayai ya minyoo ya tegu ya nguruwe yakiingia tumboni kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Usaha nao unaweza kujikusanya humo. Hayo yote yana tiba zake. Hata miongoni mwa vimbe vyenyewe, vipo visivyo kansa kali, hasa kwa watoto, ambavyo vikitolewa vyote mtoto anaweza kuishi miaka mingi. Ni picha tu inayoweza kuanza kutenganisha mambo haya. Hakuna mtu awezaye kuyajua kwa kutazama kiganja wala kwa kunusa chupa.

MAONI YANGU

Sasa niseme lililo moyoni, hata kama litawaudhi wengine.

Sisi katika parokia zetu ni hodari sana wa misiba. Mtu akifa, katika siku moja jumuiya ndogo ndogo zinakusanya fedha, mahindi, kuni, maturubai na gari. Hakuna anayezikwa bila sanda. Ni jambo jema, nisieleweke vibaya. Lakini mtu huyo huyo akiwa hai, akihitaji nauli ya kwenda Tanga au Moshi na fedha za picha moja, anaachwa auze ndama wake peke yake. Tunamchangia akiwa hawezi tena kufaidika na mchango wetu.

Ugonjwa huu wa ubongo unatuaibisha hapo kuliko mwingine wowote, kwa sababu wenyewe haungoji. Panya wametuonyesha kwamba uvimbe ukiwa mdogo, damu bado ina njia. Ukikua, katikati panakauka, maji yanajaa, njia zinafungwa. Kila juma linalopotea kwa chupa ya shilingi 40,000 linaongeza kazi kwa mpasuaji. Chupa tatu ni shilingi 120,000. Hesabu hiyo mtu ajifanyie mwenyewe: zingemfikisha wapi mtoto na mzazi wake?

Napendekeza kila jumuiya iwe na mfuko mdogo wa rufaa, tofauti na ule wa misiba. Si lazima uwe mkubwa. Kila kaya ikiweka kidogo baada ya mavuno ya viazi na kabichi, unatosha kumtoa mgonjwa Soni na kumfikisha penye picha, huku ndugu zake wakitafuta mengine. Achaguliwe mama mmoja na baba mmoja waaminifu wa kuushika, na hesabu isomwe mbele ya wote. Nawaomba pia viongozi wa jumuiya wahimize watu kujiunga na bima ya afya kabla hawajaugua. Na wanaosimama kwenye magulio wakiuza maji meusi kwa majina ya utafiti wa Ulaya, tusiwape nafasi ya kutangaza katika mikusanyiko yetu, hata kama ni ndugu zetu.

Yapo maneno ya wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi wengi hatufichi maradhi. Tunayatembeza kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine mpaka muda unakwisha.

Mtapenda kujua habari za yule binti. Baba yake aliuza ndama juma lile lile. Picha ilionyesha uvimbe nyuma ya ubongo, umeziba njia ya maji. Alipelekwa mbele, akapasuliwa, na uvimbe haukuwa wa aina kali. Ameshika tena madaftari yake. Lakini kubanwa kwa miezi ile yote kuliumiza mishipa ya macho, na jicho moja halioni vizuri tena. Mwalimu amemweka dawati la mbele.

Nilikutana na baba yake tena pale pale njia panda. Alinishukuru, kisha akanyamaza kidogo. "Mama," akasema, "ningeuza ndama mwezi wa kwanza badala ya wa tano, angekuwa anaona."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nawaachia ninyi maneno yake, wazazi wenzangu, muyafanyie kazi majumbani mwenu.